LENGALENGA NA SHU: IPI INALISHA MWILI ZAIDI?

Ninyi mnaokaa katika vijiji vya kando ya migodi, upande wa Kolwezi, Likasi, Kambove na Lubumbashi, mnaijua desturi hii. Asubuhi mama anachuma lengalenga nyuma ya nyumba, anaifunga vifungu, anaipeleka sokoni. Anaiuza kwa feza kidogo. Juu ya feza ile anaongeza nyingine, ananunua kichwa kimoja cha shu, na jioni watoto wanakula bukari na shu. Mama anafurahi, sababu shu ni chakula cha mjini. Mgeni akija, hakuna haya. Lengalenga, watu wanasema, ni mboga ya maskini.

Basi tunakuuliza neno moja. Katika mboga hizi mbili, ni ipi inayomjenga mtoto wako? Usijibu kwa kutazama bei. Tazama kilicho ndani ya majani.

Waganga wamepima gramu 100 za lengalenga mbichi na gramu 100 za shu mbichi. Kwanza waliona maji: kila moja ina maji gramu 92 hivi. Kwa hiyo kichwa kizito cha shu kisikudanganye. Uzito unaoubeba kichwani kutoka sokoni ni maji karibu yote. Kile kidogo kinachobaki ndicho chakula, na hapo mboga hizi mbili hazifanani. Protini, inayojenga nyama ya mwili, katika lengalenga ni gramu 2 na nusu, katika shu ni gramu 1 na robo. Chuma, ambacho mwili unakitumia kwa kutengeneza damu, katika lengalenga ni miligramu 2.3, katika shu nusu ya miligramu tu. Kalsiamu ya mifupa na meno ni miligramu 215 katika lengalenga, 40 katika shu. Vitamini C ni karibu sawa: 43 na 37. Lakini vitamini A katika lengalenga ni mikrogramu 146 hivi, na katika shu ni 5.

Tukae kidogo juu ya vitamini A, sababu hapo ndipo mtoto anapopata hasara kubwa. Umeona mtoto ambaye mchana anacheza vizuri, lakini jua likishuka anajigonga ukutani, anapapasa kutafuta sahani yake? Watu wengine wanasema amelogwa. Hakulogwa. Macho yake yamekosa vitamini A. Asipopewa, macho yanakauka, kisha yanapata kidonda, na mtoto anaweza kuwa kipofu kabisa. Tena mtoto wa namna hiyo akipatwa na surua au kuhara, anakufa upesi kuliko mwenzake. Ukiona dalili hizo, mpeleke kwa munganga siku ile ile, usingoje mboga imponye.

Mtoto wa miaka 2 anahitaji mikrogramu 300 mpaka 400 za vitamini A kila siku. Gramu 100 za lengalenga zinampa theluthi moja au karibu nusu. Ukitaka kumpa kiasi hicho hicho kwa shu, inampasa ale karibu kilo 3. Tumbo la mtoto haliwezi.

Lakini angalia: vitamini A haiingii mwilini vizuri pasipo mafuta. Lengalenga iliyochemshwa kwa maji na chumvi tu inapita tumboni, na sehemu kubwa ya faida yake inapotea. Tia kijiko cha mafuta ya ngazi, yale mekundu, sababu wekundu wake wenyewe unampa mtoto vitamini A. Usiyachome mpaka yawe meupe. Ukifanya hivyo umeifukuza. Kama hakuna mafuta, twanga kalanga uzitie ndani. Wazee walifanya hivyo zamani, kabla ya mtu yeyote kulitaja jina la vitamini, na walifanya vema.

Juu ya chuma pia kuna neno. Chuma cha majani kinaingia mwilini kwa shida. Tomati au maji ya ndimu yanakisaidia, na samaki kidogo kama ndakala vile vile. Chai inakizuia. Basi mwanamke mwenye mimba asinywe chai pamoja na chakula, angoje kwanza. Na wale wanaotia maji ya majivu au soda ili majani yalainike upesi, waache. Vitamini C inakufa ndani yake. Kata majani baada ya kuyaosha, si kabla. Yatie katika maji kidogo yanayochemka. Yakilainika, yaondoe motoni.

Sasa tusiionee shu. Lengalenga ina asidi inayoikamata kalsiamu, kwa hiyo zile miligramu 215 haziingii mwilini zote. Shu haina asidi hiyo kwa wingi, na kalsiamu yake, ingawa ni kidogo, inaingia vizuri. Mtu mwenye ugonjwa wa mawe ya figo asile lengalenga nyingi, na maji ya kwanza ya kuchemshia ayamwage. Tena shu inakaa siku nyingi mahali penye baridi, na lengalenga iliyochumwa asubuhi imenyauka jioni. Kwa sababu hiyo shu inafaa kwa safari na kwa soko la mjini, na lengalenga inafaa kwa chungu cha nyumbani. Kwetu sisi, mwenye bustani ya shu auze shu, apate feza ya chumvi na ya shule. Lakini lengalenga asiiuze yote, abakize ya watoto kwanza. Mtoto aliyetimiza miezi 6 aweza kupewa, ikisagwa laini sana.

Majani ya nje ya shu, yale ya kijani, yana vitamini A kuliko yale meupe ya ndani. Wengi wanayatupa. Shu ikitoka katika bustani yako safi, yale. Ikitoka mahali penye vumbi la mgodi, yatupe, usijute.

Na hapa tunafika kwenye jambo la hatari. Mtambo wa Lubumbashi ulianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na tangu hapo moshi na vumbi vimeshuka juu ya mashamba ya jirani miaka mingi. Udongo wa karibu na mitambo na wa kando ya mito inayopokea maji ya migodi una shaba, kobalti, risasi na kadmiamu. Wachunguzi wamepima mboga za bustani nyingine za Lubumbashi, wakaona madini yamepita kipimo. Lengalenga inafyonza kwa nguvu; kwa nguvu hiyo hiyo inayoleta chuma chema, inaleta na risasi. Kuosha kunaondoa vumbi la juu ya jani. Kile kilichopandishwa na mizizi hakiondoki, hata ukiosha mara tatu. Mboga ya namna hiyo inaweza kuwa nzuri kwa macho, ya kijani, yenye majani mapana, na bado ni mbaya.

Basi usichume lengalenga iliyoota yenyewe juu ya rundo la mawe ya mgodi, wala kando ya barabara ya magari ya mgodi, wala mahali watu wanapooshea mawe ya shaba. Usimwagilie kwa maji ya mto yaliyobadilika rangi. Tafuta udongo wa mbali, upande ambao upepo hauleti moshi. Mbolea ya mifugo na chokaa vinasaidia kuzuia madini yasipande katika majani, lakini havisafishi udongo ulioharibika kabisa. Na baba asiseme bustani ni kazi ya mke tu: kuchagua mahali, kufyeka na kuchota maji ya mbali kunataka watu wawili.

Kupanda si kazi ngumu. Shu inataka kitalu, kisha kuhamishwa, kisha miezi 3 hivi ya kupigana na viwavi. Nayo inapenda miezi ya baridi, Juni na Julai, katika bonde lenye maji. Lengalenga inafuata mvua za kwanza za Novemba, na baada ya wiki 3 au 4 unachuma. Usiing'oe. Kata shina juu ya ardhi kama urefu wa kiganja, litachipuka tena mara kadha. Mashina matatu yaliyo mazuri yaache yatoe maua na kukauka, uyapukute juu ya nguo. Mbegu zake ni ndogo sana. Siku ya kupanda zichanganye na mchanga mkavu, ndipo zisianguke zote mahali pamoja.