MTOTO AKILEGEA GHAFLA, USINGOJE



Mishipa ya fahamu hupeleka amri ya ubongo mikononi, miguuni na mdomoni. Ikipatwa na ugonjwa, mtoto mdogo hawezi kueleza. Mwili wake ndio unaoeleza. Hapa Koboko na Arua wengine husema "amelogwa" au "ni meno mabaya, yang'olewe". Siku zinapita, mtoto anaharibika. Angalieni dalili hizi:

1. Mtoto mchanga alinyonya vizuri siku 2 za kwanza, kisha kati ya siku ya 3 na ya 28 hawezi tena. Taya limekaza, mwili unakakamaa akiguswa. Huenda ni pepopunda, inayoingia kwa kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu au kupakwa samadi.

2. Utosi umevimba ingawa mtoto halii. Ana homa, anatapika, ni vigumu kumwamsha. Huenda ni homa ya uti wa mgongo.

3. Degedege. Mara nyingi ni malaria kali. Mlaze ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni.

4. Mguu au mkono umelegea ghafla bila kuumia. Huenda ni polio.

Dalili ya nne haina kelele, ndiyo maana inatuponyoka. Jirani yangu mmoja alimkanda mwanawe kwa mafuta wiki 3 kabla ya kumleta. Choo cha mtoto kinatakiwa kupimwa mara 2, kwa siku mbili tofauti, ndani ya siku 14 tangu mguu ulegee. Baada ya hapo virusi ni vigumu kuonekana, na watoto wengine wa kijiji wanabaki hatarini bila sisi kujua. Afrika ilitangazwa mwaka 2020 kuwa haina polio ya asili, lakini aina nyingine huzunguka mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa. Mwaka 2021 ilipatikana katika maji machafu ya Kampala.

TUFANYE NINI?

- Ukiona dalili mojawapo, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Chukua kadi ya chanjo.
- Usitafute sindano dukani.
- Mwambie mhudumu wa afya wa kijiji chako.
- Chanjo ya polio hutolewa bure: mtoto akizaliwa, wiki ya 6, ya 10 na ya 14.
- Mama mjamzito apate chanjo ya pepopunda.

Mzazi anayewahi halaumiwi. Hata ukiwa na shaka tu, mlete mtoto.