Dawa ya tumbo iliyopita bila kuulizwa

Kila Mswahili anayekuja Dubai kutafuta maisha ameshaonywa kuhusu tramadoli, dawa kali ya maumivu. Ataonywa na wakala, na shemeji aliyetangulia, na kundi la WhatsApp: usithubutu kuibeba bila cheti cha daktari na kibali cha mamlaka za afya, maana sheria ya dawa za kulevya ya Emirates, ile ya 2021, haina mzaha. Kodeini nayo vivyo hivyo. Antibiotiki je? Hizo hupangwa sandukuni katikati ya nguo, na ni nadra mtu kusikia onyo lolote juu yake.

Jambo hilo limenikaa kichwani tangu nizungumze na mfamasia mmoja wa mtaa wa Deira, mzaliwa wa Mombasa, aliyeomba nisimtaje jina. Kinachomnyima raha si tramadoli ya magendo. Ni ile iliyoandikwa na daktari, ikatolewa kihalali, kisha ikaenda kukutana mwilini na kidonge kilichotoka Nairobi au Dar es Salaam.

Mfano wake ni pakiti wanayoijua wengi wetu: ile ya vidonda vya tumbo, ya kuua bakteria aitwaye H. pylori. Ndani yake mna kidonge cha kupunguza asidi na antibiotiki mbili, na moja kati ya hizo mara nyingi huwa klarithromaisini. Kozi huenda siku 7 hadi 14. Kwa mnywaji hiyo ni dawa ya tumbo, basi. Ukimuuliza kama anatumia antibiotiki atakujibu hapana, wala hatakuwa amekudanganya. Ndiyo maana mfamasia huyu haulizi hivyo. Humwambia mteja: “Kaka, niwekee hapa mezani kila unachomeza, hata cha tumbo, hata cha mafua.”

Kisha hugeuza risiti na kuchora njia mbili zinazopita kwenye ini. Tramadoli ikifika hapo, kimeng'enya kiitwacho CYP2D6 huigeuza sehemu yake kuwa kemikali yenye nguvu zaidi ya kutuliza maumivu. Kingine, CYP3A4, huivunja ili itoke mwilini. Njia hiyo ya pili anaipiga mstari wa kalamu nyekundu: klarithromaisini imeifunga. Sasa tramadoli inarundikana, na nyingi zaidi inaelekezwa kule kwenye nguvu. Dozi ni ile ile ya jana, lakini mtu anasinzia kupita kiasi, pumzi inapungua, wengine wanapata degedege.

Haishii hapo. Klarithromaisini huviharibu vimeng'enya vyenyewe, kwa hiyo kozi ikiisha ini linahitaji siku kadhaa kutengeneza vipya. Njia ikifunguka, kiwango cha tramadoli kinashuka. Maumivu yanarudi, na aliyeizoea kwa muda mrefu anaweza kuona arosto. Hapo ndipo mtu hujiongezea kidonge kwa shauri lake mwenyewe.

Si kila antibiotiki ina ugomvi huo. Amoksilini na kodeini kwa kawaida hazigombani. Erithromaisini inafanana na klarithromaisini. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: huharakisha kazi ya ini, na maumivu yakabaki pale pale. Linezolidi ikikutana na tramadoli au pethidini inaweza kupandisha serotonini hadi mtu akatetemeka na kuchanganyikiwa. Siprofloksasini na tramadoli, kila moja peke yake huweza kuchokoza degedege. Zikiwa pamoja hatari inaongezeka.

Halafu kuna damu ya mtu. Mwaka 1996 Eleni Aklillu na wenzake walionyesha kwamba asilimia 29 ya Waethiopia waliowapima walikuwa na nakala za ziada za jeni ya CYP2D6. Mtu wa namna hiyo huigeuza kodeini kuwa mofini kwa kasi kubwa. Kwa Watanzania, aina ya jeni hiyo inayofanya kazi polepole imeenea. Wa Addis Ababa na wa Tanga wanaweza kupanga chumba kimoja mtaa wa Naif hapa Dubai, wakagawana kidonge kimoja, na kila mmoja akapata dawa tofauti.

Dubai ina mfumo wa kubadilishana kumbukumbu za wagonjwa, Nabidh, lakini hauwezi kuona kilichonunuliwa Kariakoo. Karatasi iliyomo ndani ya boksi ni ya Kiarabu na Kiingereza. Nani atamsomea mlinzi anayetoka zamu alfajiri?

Ushauri wa mfamasia ni mfupi. Usikatize antibiotiki katikati bila kumwambia aliyekuandikia. Usichanganye tramadoli au kodeini na pombe wala dawa za usingizi. Mwenzako akisinzia hadi haamshiki, au akipumua kwa shida, piga 998.

Lakini kuna swali ambalo hata yeye hana jibu lake. Mwenye tramadoli aliyopewa na rafiki, isiyo na cheti, anaingia dukani na karatasi ya klarithromaisini. Akiulizwa anameza nini kingine, anaogopa polisi, anasema hakuna. Mfamasia anamuuliza mara ya pili, kwa upole zaidi, na kama jibu ni lile lile anampa dawa. Afanye nini zaidi?