Titi lililo zima: likatwe au liachwe?

Jioni moja, baada ya sala ya alasiri, binti wa ndugu yangu alinijia nyumbani hapa Mombasa, akaketi kimya hata kahawa ikapoa. Titi lake la kushoto lilikwisha kukatwa kwa ajili ya saratani. Sasa swali jingine lilimnyima usingizi: "Ami, hili la kulia ni zima. Nilikate kabla halijaugua?"

Kwao kila mtu alikuwa na lake. Mama yake alimwambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Shangazi yake akasema mwili ni amana ya Mwenyezi Mungu, kiungo kizima hakikatwi kwa hofu. Mumewe alisema, "Utakaloamua ni sawa kwangu." Neno jema, lakini mzigo ulibaki kwake.

Mimi si tabibu wala si mufti, ila nimesoma na kuuliza.

Wengi tulisikia habari za Angelina Jolie, mcheza sinema wa Marekani, aliyetangaza mwaka 2013 kwamba amekatwa matiti yote mawili hali hana saratani. Ambalo wengi hawakulisikia ni sababu yake. Mama yake alifariki kwa saratani akiwa na miaka 56, naye alipopimwa damu alikutwa na kasoro ya kurithi katika jeni iitwayo BRCA1. Katika wanawake 100 wenye kasoro hiyo waliokwisha kuugua titi moja, kiasi cha 40 huugua na la pili katika miaka 20. Hapo ufa upo kweli, na mama mtu ana hoja.

Asiye na urithi huo mambo yake ni mbali. Katika 100, ni kama 7 tu watakaougua la pili kwa muda huo. Tena kinachoua zaidi ni saratani ile ya kwanza, ikiwa ilikwisha kutawanyika kwenye mifupa, mapafu au ini. Kulikata titi la pili hakuifikii hiyo. Watafiti wa Toronto walitoa matokeo yao mwaka 2024: katika miaka 20, waliokatwa yote mawili walifariki kwa saratani hiyo sawasawa na waliokatwa moja.

Katika dini, Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kujitibu. Nasi twakumbuka kisa cha Urwa bin Zubeir, mjukuu wa Sayyidna Abubakar, aliyekubali kukatwa mguu uliooza ili maradhi yasipande. Ulikatwa mguu mgonjwa. Ule mzima uliachwa. Basi mwenye kutaka fatwa na amwendee mwanachuoni akiwa na majibu ya daktari mkononi.

Nilimwambia mwanangu akamwulize daktari wake mambo matatu: Je, nipimwe urithi? Hatari yangu mimi ni ngapi katika 100? Na nikiliacha, nitaangaliwaje? Maana kuliacha si kulitupa: kuna picha ya kila mwaka, na kwa baadhi ya wagonjwa kuna vidonge vinavyolilinda na titi la pili. Kukatwa nako kuna kidonda chake, na ganzi isiyokwisha kifuani.

Aliyaandika, akaaga. Uamuzi ni wake, wala si wa kukatwa shauri usiku mmoja. Sisi jamaa tufuatane naye hospitali, na methali zetu tuziweke kwanza.