NANI ALIYEBEBA MASHUA?



Jumamosi moja tulikaa na wenzetu katika kibanda cha video mjini Arua, tukaangalia filamu ya zamani iitwayo The African Queen. Walikuwapo vibarua wa tumbaku, wapasua mbao, na vijana waliofika kwa lori kutoka Koboko. Picha ilitupendeza. John Huston aliipiga mwaka 1951, sehemu katika Kongo na sehemu hapa Uganda, kwenye maporomoko ya Murchison na Butiaba. Butiaba ilikuwa bandari ya Ziwa Albert, ambako meli zilitoka kushuka Nile hadi Pakwach na Rhino Camp. Wapo wazee wetu waliopita njia hiyo kwenda kukata miwa kusini.

Kisa chenyewe ni cha mwaka 1914. Mwenye mashua mmoja, Humphrey Bogart, na bibi wa misheni, Katharine Hepburn, wanashuka mto wakakusudia kuzamisha meli ya vita ya Wajerumani ziwani. Mwishoni meli inagonga mashua yao yenye mabomu, inalipuka. Watu wawili wameshinda vita! Kibanda kizima kilipiga makofi.

Makofi yalipokwisha, mzee mmoja aliuliza: "Na wapagazi wako wapi?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike. Maana vita vya namna hiyo vilipiganwa kweli, katika Ziwa Tanganyika. Mwaka 1915 Waingereza walileta boti mbili, Mimi na Toutou, kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa treni hadi Fungurume, Katanga. Hapo reli ilikoma, na mbele ilisimama milima ya Mitumba. Boti zilikokotwa kwa matrekta ya mvuke, kwa ng'ombe, na kwa kamba mikononi mwa Waafrika. Watu walikata miti, wakachimba njia, wakajenga madaraja zaidi ya 100. Maji ya matrekta yalipopungua, wanawake wa vijiji vya njiani waliyabeba kichwani.

Kazi hiyo ilichukua wiki nyingi. Lakini tarehe 26 Desemba 1915, boti hizo ziliiteka meli ya Wajerumani Kingani kwa mapigano ya dakika chache. Afisa aliyewaongoza, Spicer-Simson, jina lake limo vitabuni. Waliovuta kamba hawakuandikwa.

Hata ile meli kubwa, Graf von Goetzen, ililetwa Kigoma vipande vipande katika masanduku yapatayo 5,000, ikaunganishwa huko. Haikuzamishwa na shujaa yeyote wa sinema. Mwezi Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, baada ya mafundi kuzipaka mashine grisi zisiharibike. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na tangu 1927 ikabeba abiria kwa jina la Liemba. Kazi ya fundi iliishi kuliko vita.

Katika vita hivyo vya Afrika Mashariki, wapagazi waliokufa upande wa Waingereza kwa maradhi, njaa na uchovu walizidi 90,000. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni majina yaliyotokana na kikosi chao. Mitaa imepata jina. Watu wengi wao hawakupata hata kaburi lenye jina.

Ndugu, asiyeandikwa hadaiwi wala hadai. Mjane wa mpagazi angeonyesha karatasi gani? Leo pia kibarua anayebeba mizigo ya tumbaku bila jina lake kuwa kwenye daftari, akivunjika mguu, ataonyesha nini? Kanuni za Ajira za Uganda za mwaka 2011 zinasema mtu asiajiriwe kama kibarua kwa zaidi ya miezi 4. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi. Hesabu miezi yako. Ikipita, nenda na mwenzako, muulizeni mwajiri karatasi, na mwambieni mjumbe wa chama.

Filamu tuendelee kuziangalia. Ila kila tuonapo mashua juu ya mlima, tuulize ni nani aliyeibeba, na kama jina lake limeandikwa.