Umezima Nini Hasa?



Jumapili moja, tukiwa kwenye kazi za kichungaji Mbagala, mama mmoja ambaye ni katibu wa jumuiya alitufuata baada ya Misa, simu mkononi. Bando lake la wiki lilikuwa limeisha siku ya pili. Kilichomsumbua zaidi, hata hivyo, hakikuwa bando. Ndani ya simu ile mlikuwa na picha za vyeti vya ubatizo vya watoto, na orodha ya wagonjwa wanaopelekewa Komunyo nyumbani. Sasa alikuwa ameziona kwenye akaunti yake ya mtandaoni.

“Kuhifadhi nakala nilizima, mafrateri. Mbona zimeenda?”

Tukakaa naye kwenye benchi, tukafungua mipangilio. Kweli alikuwa amezima, ila alizima swichi moja kati ya tatu. Programu ya kuchati ina nakala zake, programu ya picha ina zake, na simu yenyewe huhifadhi majina, meseji na mipangilio kwa swichi yake ya pekee. Mama alizima ya kuchati. Ya picha ilibaki wazi, tena ikiwa imeruhusiwa kutumia data ya simu. Wanaosoma mantiki watalitambua kosa hili mara moja: neno moja, “nakala”, limebeba vitu vitatu.

Wala si wageni wa teknolojia pekee wanaokwama hapa. Mwaka 2015 mwandishi wa habari mmoja wa Nashville, Marekani, aliifuta kabisa programu ya Google Photos kwenye simu yake, lakini picha zikaendelea kutumwa. Ilikuwa kwamba kazi ya kutuma ilifanywa na huduma za Google zilizomo ndani ya simu, na swichi yake ilikuwa huko. Kuondoa programu kulikuwa sawa na kung'oa kibao cha duka huku duka likiendelea kuuza.

Kuna na mtego wa hotspot, ambao sisi wenyewe umetunasa bwenini. Ukichagua “tuma kwa Wi-Fi tu” kisha ukajiunga na hotspot ya mwenzako, mara nyingi simu huiona kama Wi-Fi ya kawaida. Bando la mwenzako ndilo linalolipa.

Jambo la kukumbuka: kuzima huzuia yajayo tu. Yaliyokwisha kutumwa hubaki mpaka uyafute. Na hapo taratibu, kwa sababu picha ukiifuta ndani ya programu ileile inaweza kutoweka pia kwenye simu. Nakili kwanza zile unazozihitaji mahali pengine, kisha futa, kisha safisha na pipa la taka.

Kwa viongozi wa jumuiya hili si suala la bando tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya na za imani ya mtu kuwa nyeti, na inagusa pia usafirishaji wa taarifa nje ya nchi. Mgonjwa aliyempa katibu jina lake alimpa ili aletewe Komunyo.

Vyeti tuliviacha kwenye simu, swichi zote tatu zikiwa zimezimwa. Orodha ya wagonjwa Mama aliinakili kwenye daftari, jina moja moja, kisha akatuomba tumwonyeshe tena pipa la taka lilipo.