SIMU YA MKONONI NA BEI YA MAZAO



Hapa Diani, mwenye minazi au miembe mara nyingi huuza mazao yake yangali mtini. Mchuuzi hufika, hutazama juu, hutaja bei, na mwenye shamba hukubali kwa sababu hajui soko la Kongowea likoje siku ile. Habari hiyo sasa yaweza kumfikia kwa simu. Hata hivyo wakulima wengi husita kuitumia, wala si wajinga: bei iliyotajwa vibaya humtia mtu hasarani. Yafaa basi tulieleze jambo hili.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Bei ya leo ni habari, maana kuna mtu aliyekwenda sokoni akauliza. Bei ya miezi mitatu ijayo ni makisio tu, kama yale ya mvua. Mvua, lakini, haisikii maneno yetu, soko husikia. Simu ikisema nyanya zitakuwa ghali mwezi wa Desemba, na kila mtu akapanda nyanya, Desemba itafika na nyanya tele, na bei itaanguka.

Katika Kenya kazi hii si ngeni. Shirika la KACE lilianzishwa mwaka 1997, likawa likipeleka bei za mazao kwa ujumbe wa simu. Mwaka 2010 wasichana watatu walianzisha M-Farm kwa kusudi hilo hilo. Wizara ya Kilimo nayo ina mtandao wake wa bei za masoko, uitwao KAMIS.

Je, habari hizi huleta faida? Tutazame Bara Hindi. Katika pwani ya Kerala, simu za mkononi zilienea kati ya mwaka 1997 na 2001. Kabla ya hapo mvuvi aliweza kutupa samaki kwa kukosa mnunuzi, na huku bandari ya jirani wanunuzi wakitafuta samaki. Baada ya kupata simu, faida ya wavuvi ilipanda kwa asilimia 8, na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4. Lakini katika jimbo la Maharashtra wakulima walipopelekewa bei kwa simu, wachunguzi waliona kwamba, kwa wastani, hawakuuza kwa bei bora kuliko wenzao wasiopelekewa.

Somo ni hili: mvuvi wa Kerala aliweza kugeuza chombo chake kwenda bandari nyingine. Habari humfaa yule mwenye njia ya kuifuata.

Kwa hiyo, ukitaka kuitumia simu, fanya mambo matatu.

Moja, ipime. Kila wiki andika daftarini bei uliyoambiwa, na bei iliyolipwa kweli. Msimu mmoja ukipita utajua kama msemaji wako ni wa kuaminiwa. Miaka miwili ikipita, daftari lako litakuonyesha miezi ya bei nzuri na mibaya, kama vile baada ya Pasaka, wageni wa hoteli wanapopungua. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mbili, piga hesabu kabla ya kumkataa mchuuzi. Tuseme anakupa shilingi 18 kwa nazi, na simu yasema Kongowea ni 30. Usiseme umeibiwa 12. Toa kwanza ujira wa mkwezi, gari la kuvuka Likoni, ushuru wa soko, na nazi zitakazopasuka. Yote yakiwa shilingi 9, umebaki na 21: faida yako ni 3 kwa nazi. Kwa nazi 50 ni shilingi 150, na siku nzima imepotea. Kwa nazi 1,000 ni shilingi 3,000.

Tatu, shirikianeni. Majirani watano wakikodi gari moja, gharama ya kila mmoja hupungua, na mchuuzi naye huongeza bei akijua mnayo njia nyingine.

Usiweke shamba zima juu ya makisio ya simu. Panda sehemu kwa kuyafuata, na sehemu kwa chakula cha nyumbani. Na ikiwa ujumbe umekuja kwa Kiingereza, au hesabu inakutatiza, njoo kwa Bwana Shamba na daftari lako. Ataisoma pamoja nawe.