RAM ya Pili

Vijana wa Idodi wakirudi likizo kutoka vyuo vya Iringa, wengi hufika kwenye meza yangu na swali moja: "Dada fundi, shikamoo. Nikiongeza RAM, GTA itacheza?" Natengeneza simu na laptopu hapa kando ya barabara iendayo Hifadhi ya Ruaha, na swali hilo silijibu kabla sijaifungua mashine. Fedha anayotaka kuitumia mara nyingi ni ya mpunga wa baba yake, na RAM ikishanunuliwa mjini hairudishwi kirahisi.

Laptopu nyingi ninazoletewa ni za mtumba, zilizomaliza kazi maofisini huko nje: HP EliteBook 840 G3, ThinkPad T470, Dell Latitude. Ni mashine imara, ila hazikuundwa kwa ajili ya gemu. Nyingi hazina kadi ya grafiki. Kazi ya kuchora picha inafanywa na sehemu ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Kwenye 840 G3 yenye Core i5 sehemu hiyo inaitwa Intel HD Graphics 520. Haina kumbukumbu yake. Kila jezi, kila kivuli, kila nyasi ya uwanja wa gemu ya mpira ya PES inakaa kwenye RAM ileile inayogombaniwa na Windows, kivinjari na gemu yenyewe.

Kwa hiyo kwenye mashine hizi RAM ina uzito zaidi kuliko kwenye kompyuta yenye kadi ya grafiki. Inasaidia kwa namna mbili, na muuzaji kwa kawaida atakutajia moja tu.

Ya kwanza ni ujazo. GTA V ilipotoka kwa ajili ya kompyuta mwaka 2015, watengenezaji wake walitaja kima cha chini cha GB 4 na wakapendekeza GB 8. Chukua laptopu yenye GB 4: Windows imeshakula sehemu yake, grafiki imekopa yake, na kilichobaki hakitoshi. Mashine inageukia diski kuhifadhi kilichozidi, na diski, hata ikiwa SSD, ni ya polepole mno kwa kazi hiyo. Ndipo gemu inaganda, inaendelea, inaganda tena pale tu unapokata kona na gari. Kutoka GB 4 kwenda GB 8, kuganda huko kunapungua waziwazi. Kutoka 8 kwenda 16, kwa gemu ya umri huo, ujazo peke yake haubadilishi mengi.

Ya pili ni njia, na hii ndiyo ninayoisisitiza. Mkulima wa hapa ananielewa upesi nikimwambia afikirie jaruba la mpunga: likinyweshwa kwa mfereji mmoja mwembamba, hata ukipanua bwawa kule juu, maji yatafika kwa kasi ileile. Mfereji wa pili ndio unaoleta tofauti. Kipande kimoja cha DDR4 chenye kasi ya 2133 kinaweza kupitisha takriban GB 17 kwa sekunde. Vipande viwili kwenye sloti mbili vinapitisha takriban 34. Kadi ya kawaida ya gemu kama GTX 1050, iliyotoka 2016, ina GB 112 kwa sekunde peke yake, wala haigawani na mtu. Ndiyo maana grafiki ya ndani ina kiu kali ya njia. Intel wenyewe wanalitambua hilo: grafiki yao ya Iris Xe, iliyoanza 2020, ikikuta RAM ya njia moja huonekana kwenye kompyuta kwa jina la UHD, bila heshima ya Iris.

Basi kijana mwenye GB 8 za kipande kimoja, anayetaka kukitoa aweke kimoja cha GB 16, namzuia. Abaki nacho, atafute cha pili cha GB 8. Hata mwenye 4 akiongeza 8, prosesa za Intel huunganisha 4 kwa 4 kwa njia mbili, na zile 4 zinazobaki hutumika kwa njia moja. Si kamili, lakini inafaa.

Ila nisiwadanganye wazazi. HD 520 haigeuki kadi ya gemu kwa sababu ya RAM. Prosesa hizo zimepangiwa wati 15, na grafiki inakula humohumo. Huku kwetu joto ni kali kuliko Iringa mjini, na vumbi linajaa kwenye feni. Mashine ikichemka inajipunguzia kasi yenyewe, uwe na GB 4 au 32. Naanza kwa kufungua, kusafisha feni na kubadilisha pesti kavu iliyo juu ya prosesa. Kisha nashusha ukubwa wa picha kwenye mipangilio ya gemu. Kioo cha 1920 kwa 1080 kina nukta zaidi ya milioni mbili. 1280 kwa 720 hazifiki hata milioni moja. Hatua hiyo ni bure, na wapo waliotosheka nayo.

Kabla ya kwenda mjini, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uangalie ukurasa wa utendaji upande wa kumbukumbu: utaona sloti zilizotumika ni ngapi kati ya ngapi. ThinkPad X1 Carbon na MacBook Air zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi, hakuna pa kuongeza. EliteBook 840 G2 inatumia DDR3L na G3 inatumia DDR4. Pengo la kipande halilingani, usikilazimishe.

Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda duniani, kwa kuwa vituo vikubwa vya akili mnemba vinazoa chipu viwandani. Kwa hiyo siku hizi natafuta kwanza kwenye laptopu zilizokufa kioo au bodi. RAM haichakai kama betri. Naichomeka mbele ya mwenye mashine, naendesha kipimo cha kumbukumbu kilichomo ndani ya Windows, na kikipita bila kosa ndipo tunazungumza bei.